Mutumbwi wa koperative: mbao mbichi inakula viloba vyenu

Kyavinyonge, Vitshumbi na Nyakakoma njo pwani tatu za uvuvi zenye sheria inakubali upande wetu wa Ziwa Édouard. Watu wa kule hawana mashamba. Wako ndani ya Parke ya Virunga, na kulima mule ni mukatazo. Kwa hiyo unga wa muhogo, maharagi, viazi na mafuta ya mawese vinashuka kutoka kwetu milimani, na tilapia na samaki ya chumvi vinapanda. Kila koperative yenye kuuza chini kule inafika siku moja ku swali lile lile: tutalipa mutumbwi wa watu mpaka lini? Tujenge wetu?

Jibu letu ni kwamba inawezekana. Mutumbwi wa mbao hautoki mu usine. Unajengwa mu parsele, chini ya muti wa avoka, na fundi mumoja na wasaidizi wawili wenye musumeno, randa, nyundo na patasi. Lakini koperative yenye kuagiza mutumbwi inapaswa kujua namna ya kuangalia ile kazi, sawa vile munajua kuangalia mbegu mbele ya kulipa. Asiyejua analipa, anapakia, anapanda, na hesabu inakuja kufanyika mu maji.

Hatusemi hivi kwa kutisha watu. Tarehe 3 Oktoba 2024, bato lenye liliitwa Merdi, lenye kutoka Minova, lilizama ku Ziwa Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku, mu Goma, watu wa inchi kavu wakiona kwa macho. Makumi ya watu walikufa. Lilikuwa limejaza watu na bidhaa kupita kipimo. Vita ilikuwa imefunga barabara ya Sake, na mazao ya Minova yalibaki na njia ya maji tu kwa kufika sokoni Goma. Wakulima, wamama wauzaji, viloba: watu kama ninyi, mizigo kama yenu.

Mutumbwi wa koperative ni mudogo kupita bato lile. Lakini sheria ya maji ni moja, na makosa mengi yanaanza mbali sana na ziwa, mu depo ya mbao.

Muvula, libuyu, na ile rangi nyeupe ya pembeni

Mu depo za mbao za Butembo, miti miwili njo inatafutwa kwa kazi hii: muvula na libuyu. Muvula ikikatwa iko na rangi ya manjano, kisha jua na hewa vinaigeuza kahawia. Libuyu iko nyekundu-nyekundu. Zote mbili zinatoka ku misitu ya chini, upande wa Mangina, Biakato na Mambasa, na sehemu kubwa haibaki hapa. Inapita Kasindi, inaingia Uganda, inaendelea mpaka Kenya. Ndiyo maana bei ya ubao mu Kimemi inafuata wanunuzi wa Kampala na Nairobi, hata kama ule muti uliangushwa karibu na kwa shemeji yako.

Kwa chini ya mutumbwi na kwa mbavu, sisi tungechukua muvula. Maji na wadudu wanaishinda kwa shida. Iko na ubaya wake: mara nyingine mu kiini chake munajificha kitu kigumu sawa jiwe, chenye kuvunja meno ya musumeno, na vumbi yake inawasha ngozi na kufunga pua. Fundi ajifunge kitambaa ku mudomo, hata kama anacheka.

Sasa mbele ya kulipa, muangalie kingo za kila ubao. Ule upande mweupe, wenye ulikuwa karibu na ganda la muti, si muvula ya kweli kwa kazi ya maji. Ni nyama laini, wadudu wanaipenda, na itaoza wakati kiini kingali kizima. Ubao wenye nusu yake ni nyeupe ni nusu ubao, ulipwe hivyo. Wauzaji wanajua hii vizuri. Ni wanunuzi wenye wanasahau.

Eukaliptusi je? Wengi wenu muko nayo ku vilima, na haiombi pesa ya depo. Kwa makafi, kwa miti ya kusukumia, kwa magogo ya kuviringishia mutumbwi mpaka majini, sawa kabisa. Kwa mwili wa mutumbwi, hapana. Inapasuka na kujikunja wakati wa kukauka, na ni nzito.

Muombe muuzaji karatasi ya mbao. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inaomba kibali kwa mwenye kukata miti ya biashara, na mbao yenye ilitoka ndani ya Parke haiwezi kuwa na karatasi ya kweli. Koperative yenye jina lake liko mu vitabu vya serikali haina faida ya kukamatwa ku barabara na mbao ya namna ile.

Kidogo juu ya kupanda, sababu memba wa upande wa Oicha na Mangina wanaweza kuuliza. Muvula inakubali inchi ya joto. Butembo, juu ya metre 1,700, ni baridi kwake. Chini kule inawezekana, lakini musipande shamba zima la muvula peke yake. Kuko kadudu kadogo kenye kuingia mu majani machanga, kanafanya vivimbe, na muche unakufa ku kichwa. Ukipandwa mumoja mumoja katikati ya kakao ao miti mingine, chini ya kivuli chepesi, unapona vizuri zaidi. Mbao yake wataipasua wajukuu, hiyo tuseme wazi.

Miezi ya kungoja

Hapa njo fasi koperative nyingi zingepoteza pesa yao. Ubao wa depo unakuja mubichi. Ulipasuliwa porini juma chache zilizopita, ukapigwa na mvua juu ya kamiyo, ukapangwa moja juu ya mwingine. Fundi mwenye haraka anaupigilia hivyo hivyo. Siku ya kuushusha, mutumbwi unaonekana muzuri, unafunga maji. Kisha unavutwa ku muchanga, jua la ziwa linaupiga juma mbili, mbao zinakauka na kusinyaa, na kila fasi ubao mumoja unakutana na mwingine panafunguka mwanya. Musumari wenye ulikuwa umeshika unabaki unacheza mu tundu lake.

Kwa hiyo mununue mbao mapema, muzikaushe ninyi wenyewe. Fasi ya kukaushia iwe ya kivuli na hewa. Muweke magogo ya chini, ubao wa kwanza usiguse udongo, uinuke angalau sentimetre 40. Kati ya ubao na ubao muweke vijiti vya unene mumoja, kila sentimetre 60, na kijiti cha juu kisimame sawa juu ya kile cha chini. Kama havifuatane, mbao itapinda sawa ndizi. Juu mufunike na manjanja, lakini pembeni muache wazi upepo upite. Vichwa vya mbao muvipake rangi ya mafuta, sababu kule njo maji yanatoka haraka na mipasuko inaanza.

Kwa ubao wa sentimetre 3, na mvua zetu za Butembo, mungoje miezi 4 mpaka 6. Hakuna haja ya mashine kwa kujua kama imekauka. Mukate kipande kidogo cha ubao ule ule, mukiache katikati ya mbao zingine, na kila juma mukipime ku mizani ya duka. Uzito utashuka, utashuka, kisha utasimama. Ukisimama juma tatu, mbao iko tayari.

Munaweza kuuliza: kuko fundi gani mwenye atangoja miezi 6? Hakuna, na hapana lazima angoje. Koperative njo inangoja. Fundi anaitwa mbao ikiwa tayari, na ile miezi munaweza kuitumia kwa kukusanya pesa ya misumari, pamba na kamba, kidogo kidogo kila kutano.

Kazi ya fundi, na fasi za kuangalia

Tuchukue mfano mumoja tuufuate mpaka mwisho: mutumbwi wa metre 7, chini bapa, upana wa chini katikati sentimetre 90, ubavu wa sentimetre 50. Chini yake inapunguka kuelekea vichwa viwili, kwa hiyo eneo lake lote ni karibu metre kare 5. Mushike hii namba 5, itarudi.

Kazi inaanza na chini. Mbao za chini zinalazwa juu ya magogo yenye kunyooka, kamba inavutwa kutoka kichwa mpaka kichwa, na kila kipimo kinatoka ku ile kamba. Mafundi wazuri hawana mupango wa karatasi. Mupango uko mu jicho na mu kamba. Ni hivyo pia ku pwani ya Lamu na Zanzibar, fasi mafundi wanajenga jahazi kubwa bila kuchora kitu. Lakini kamba iwepo. Fundi mwenye anapima kutoka ku ukingo wa ubao, na si kutoka ku kamba, atawapa mutumbwi wenye kugeuka upande mumoja kila saa, na mwenye kupiga kafi ataumia bega bila kujua sababu.

Kisha mbavu, kila sentimetre 50. Pembe ya ubavu, pale mbao ya chini inakutana na ya pembeni, njo fasi mawimbi yanavunjia. Vipande viwili vya ubao vyenye kupigiliwa pamoja ku pembe havina nguvu sawa tawi lenye lilikua na kiwiko chake. Wazee walikuwa wanatembea porini wakitafuta matawi ya namna ile ya muti mugumu. Memba wakiwa na miti ku mipaka ya mashamba, watafute viwiko mapema, wavikaushe pamoja na mbao.

Mbao za pembeni zinapindwa. Zinafunikwa na viloba vyenye kulowana maji ya moto, kisha vichwa vinavutwa na kamba yenye kuzungushwa na kijiti, polepole, mapumuziko, tena polepole. Hapa haraka inavunja ubao wa bei kali. Na kama mbao mbili zinaungwa kwa urefu, muungo wa mbao ya juu usikae karibu na muungo wa mbao ya chini. Mukiona miungo inafuatana mu mustari mumoja, musimamishe kazi siku ile ile.

Juu ya misumari tuko wakali. Musumari wa zinki, si ule mweusi wa kawaida wenye unauzwa kwa kilo. Muvula na maji vinakula chuma wazi, na kutu ikianza inaoza na ubao wenye kuizunguka. Tundu litobolewe kwanza, jembamba kupita musumari, sababu mbao kavu ikipigwa bila tundu inapasuka, mara nyingine mupasuko wenye hauonekane mpaka mwaka wa pili. Musumari upite pande zote mbili, ncha yake ipindwe na izamishwe mu ubao. Wahenga walikuwa na njia yao pasipo chuma: mitepe ya pwani ya Lamu ilishonwa kwa kamba, na mitumbwi mikubwa ya Sese ku Ziwa Victoria pia mbao zake zilishonwa. Ilikuwa inajipinda na wimbi na kurudi. Leo tuna misumari, basi iwe misumari ya kweli.

Kuziba mianya njo kazi yenye haina sifa, na mara nyingi inapewa mutoto wa fundi. Muiangalie ninyi wenyewe. Mwanya uwe umefunga ndani na wazi kidogo inje, sawa milimetre 2 ao 3, pamba ipate fasi ya kuingia. Pamba inasokotwa, inalowanishwa mafuta ya mawese ao gudro, inaingizwa kwa patasi butu na nyundo ya muti. Isipigwe kwa hasira: mbao zitavimba mu maji, na pamba yenye ilikazwa sana itasukuma mbao ziachane na mbavu. Kuko watu wenye kupigilia vipande vya manjanja ya kizamani juu ya mianya. Inasaidia kwa safari ya dharura, lakini inafunika maozo yasionekane. Na mafuta machafu ya moteri, yenye wengi wanapenda kupakaa inje, musitumie. Watu wa pwani wanakunywa yale maji.

Jambo moja lenye linatokana na barabara zetu. Mutumbwi wenye kufungwa wote Butembo, ukawekwa juu ya kamiyo, ukarukishwa ku mashimo mpaka ziwani, unafika mianya yote imelegea. Tunashauri: kukausha, kukata, kupinda na kupiga alama kufanyike hapa mu parsele, kufunga na kuziba kufanyike kule ku muchanga. Ndani ya Parke hakuna kukata muti hata mumoja, kwa hiyo hata vipande vya akiba na vya magogo mushuke navyo.

Hesabu ya viloba

Turudie namba yetu. Chini ya mutumbwi ni metre kare 5. Kila sentimetre 10 zenye unazama, unasukuma litre 500 za maji, na maji yanabeba kilo 500. Hapo hakuna siri, na hata mutoto wa shule ya musingi anaweza kuifanya.

Mutumbwi wenyewe, mbao zake zikiwa kavu, ni karibu kilo 300. Ubavu ni sentimetre 50, na sisi tunaomba sentimetre 30 zibaki juu ya maji, sababu Ziwa Édouard ni kubwa, kilometre kare zaidi ya 2,000, na upepo wa kushuka mulimani hautumi barua. Basi mutumbwi uko na ruhusa ya kuzama sentimetre 20: kilo 1,000. Utoe 300 za mutumbwi, zinabaki 700. Utoe watu wane wa kilo 65, ni 260. Zinabaki 440. Viloba vinne vya kilo 100, na kidogo ya kamba na makafi.

Vinne. Tunajua kuna wenye wamezoea kuona kumi.

Sasa muweke mbao mbichi mu hesabu ile ile. Muvula mbichi inaweza kupita kilo 1,000 kwa metre kibe, wakati kavu iko karibu 650. Mutumbwi wetu unakula karibu nusu metre kibe ya mbao, basi mubichi unapita mukavu kwa kilo 150 hivi. Ni kiloba kimoja na nusu chenye munabeba kila safari, bila bei, bila muteja. Na kama mianya inaingiza maji, sentimetre 10 za maji ndani ni tena karibu kilo 500, viloba vitano vyenye havijafungwa, vyenye vinakimbilia upande mumoja kila mutumbwi ukiinama. Watu wengi wanaanguka namna hiyo, si kwa wimbi kubwa: maji ya ndani yanakimbia, watu wanakimbia upande ule ule, na imekwisha.

Mbele ya kushusha mutumbwi, mumwage ndani maji ya sentimetre 5 ukiwa ungali juu ya magogo, musizidishe, na muzunguke inje na chaki. Kila fasi yenye kulia, alama. Fundi hapewi malipo ya mwisho mbele ya alama zote kuzibwa na maji kurudishwa tena. Kisha mutumbwi ushushwe mutupu, ufungwe ku kamba siku mbili ao tatu, mbao zivimbe na kufunga pamba. Maji kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Siku ya tatu si kawaida tena.

Karatasi za mutumbwi zitafutwe wakati mbao inakauka, si kisha. Kuvua kunaomba ruhusa yake ku wakubwa wa Parke, na kusafirisha mizigo muulize ku komite ya pwani na kwa wenye mamlaka ya maji mbele ya kununua hata musumari. Jile za kuokoa zihesabiwe mu bei ya mutumbwi toka mwanzo, moja kwa kila mutu. Zikiachwa kwa "tutanunua kisha", hazinunuliwe.

Kazi ya mwisho ni ya rangi. Siku mutumbwi uko mu maji ya kutulia, muupakie watu wane na viloba vinne, muangalie maji yanafika wapi ku ubavu, na muchore mustari mwekundu pale, pande zote mbili, katikati. Mu kitabu cha koperative kuandikwe kwamba mwenye kuongoza mutumbwi ana haki ya kukataa kiloba chenye kufunika ule mustari, hata kama ni cha prezida, na siku ile kiloba kinabaki ku pwani mushahara wake haukatwe.